Mabepari wa Sebuleni

Nianze kwa kukiri, asije mtu akaniumbua baadaye: ninayo daki ya valvu. Ipo sebuleni kwangu Tabata, juu ya meza ya mninga, na usiku nikizima taa vile vichupa vyake viwili vya kioo vinawaka rangi ya chungwa kama makaa yaliyobaki jikoni. Niliinunua mkononi, kwa mgeni aliyekuwa anafungasha kurudi kwao, shilingi milioni 4 na laki 2. Bei anayoijua mke wangu ni pungufu kidogo. Naipenda mashine hii, naisikiliza karibu kila usiku, na sina mpango wa kuiuza. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa si ya "sizitaki mbichi hizi". Nimezila, tena zikiwa mbivu.

Ugomvi wangu ni na maneno yanayoizunguka. Soma mapitio yoyote ya mashine hizi, au kaa saa moja na wapenzi wa sauti wa hapa mjini, utakutana na msamiati uleule: pazia limeondoka, mwimbaji yupo chumbani, mashine imefunua yaliyofichika, hatimaye nimeusikia wimbo wenyewe. Ni utanzu kamili wa uhakiki, una tamathali zake na miiko yake, na sisi tunaojidai kusoma kwa makini tunaumeza bila kutafuna. Mwandishi akituambia riwaya fulani "inasema ukweli" tunamuuliza: ukweli upi, kwa nani? Akituambia hivyo kuhusu sanduku la bati lenye waya, tunamuuliza bei.

Hoja yangu ni moja. Valvu haifunui kitu, inaongeza. Anayetuuzia nyongeza kwa jina la ukweli anatudanganya, na uongo huo una gharama. Gharama yake nimeilipa, na sizungumzii hela.

Kwa wasiozijua hizi mashine: muziki ulio kwenye simu, kompyuta au CD ni namba tupu. CD, iliyoingia sokoni mwaka 1982, inapima wimbi la sauti mara 44,100 kila sekunde kwa kila upande, kulia na kushoto, na kila kipimo kinaandikwa kwa biti 16, yaani kimoja kati ya viwango 65,536. Namba haziwezi kutikisa spika. Lazima kitu kizigeuze ziwe umeme unaopanda na kushuka kama wimbi lenyewe. Kitu hicho ndicho daki. Simu yako inayo ndani. Ya kwangu inafanya kazi ileile, ila imejengewa sanduku lake, ina uzito wa mtoto wa mwaka mmoja, na mwishoni mwa njia ya umeme imewekewa valvu: vichupa vilivyonyonywa hewa, teknolojia ya redio za babu zetu, ya kabla ya transista kuzaliwa Marekani mwaka 1947.

Angalia nilivyosema: mwishoni mwa njia. Kwenye mashine nyingi za aina hii, yangu ikiwemo, kazi ya kugeuza namba inafanywa na chipu ndogo ya silikoni, jamii ya zile zilizomo kwenye vifaa vya bei ya kawaida. Valvu inapokea sauti ambayo tayari imeshageuzwa, inaipa nguvu kidogo, inaikabidhi kwa amplifaya. Kusema valvu imechimbua mambo yaliyofichika ndani ya rekodi ni sawa na kumsifu msoma habari kwa uchunguzi uliofanywa na mwandishi aliyelala porini siku tatu.

Sasa valvu inafanya nini? Mwimbaji akishika noti ya hezi 220, valvu inaipitisha hiyo 220 na kubandika juu yake kiasi kidogo cha 440. Hiyo 440 ni noti ileile, oktavu moja juu. Mafundi wanaiita hamoniki ya pili. Kwa kuwa ni noti jamaa, sikio halilalamiki. Linahisi sauti imenenepa, imepata mwili. Hilo ndilo "joto" tunaloimbiwa kila siku. Jina lake la kiufundi ni upotoshaji wa sauti. Ndiyo, upotoshaji, neno lilelile ambalo sisi waandishi wa habari tunaliogopa likitajwa karibu na majina yetu.

Na ile hekaya kwamba valvu ni kitu cha asili, cha kibinadamu, dawa ya ubaridi wa dijitali? Valvu ya ECC88, ambayo watu wanaitungia tenzi, ilibuniwa kwa ajili ya kunasa mawimbi ya televisheni. Nyingine inayoabudiwa, 6SN7, ilitumika ndani ya ENIAC, kompyuta iliyozinduliwa Marekani mwaka 1946 ikiwa na valvu karibu 18,000. Kwa maneno mengine, kompyuta ya dijitali ilijifunza kutambaa ikiwa imejaa vichupa hivihivi. Valvu haina itikadi. Itatumikia televisheni, itatumikia hesabu za jeshi, itamtumikia hata mtu wa Tabata anayetaka kumsikia Mbaraka Mwinshehe saa sita usiku.

Hapa naomba niingie uwanja tunaoufahamu wote, uwanja wa tafsiri. Mwaka 1969, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare inayomhusu mfanyabiashara wa Venice. Akaiita Mabepari wa Venisi. Tazama jalada tu, hujafungua hata ukurasa. Shakespeare ana mfanyabiashara mmoja. Nyerere ana wengi. Neno "bepari" kwa asili ni mtu wa biashara tu, lakini katika Tanzania ya mwaka 1969 ni vigumu kuamini kwamba msomaji angelisikia bila mwangwi wa siasa. Noti ya chini ni Shakespeare, na juu yake kuna oktavu ya Ujamaa. Ukitaka mfano wa hamoniki ya pili kwenye fasihi ya Kiswahili, ndio huo.

Je, nailaumu? Hapana, kitabu hicho nakipenda kwa sababu ya oktavu ile. Lakini jina la mfasiri lipo. Kila anayekisoma anajua anasoma Shakespeare kupitia kwa Nyerere, na akitaka kuwabishia, anajua ambishie nani na wapi. Hakuna aliyewahi kuniuzia Mabepari wa Venisi kwa kudai kwamba pazia limeondoka na sasa nakutana na Shakespeare uso kwa uso. Daki ya valvu ni mfasiri mwenye mtindo wake, wakati mwingine mtindo mtamu sana, ila anauzwa kwetu kama mfasiri asiyekuwepo. Hapo ndipo ninapokataa.

Mtu atasema: wewe unachezea maneno, sisi tunasikia kwa masikio. Sawa, twende kwenye masikio.

Mwaka mzima na ushee nilikuwa naiboresha mashine hii. Wenzangu wanaelewa, ni ugonjwa wenye hatua zake. Nilianza na stabilaiza, kwa sababu umeme wa mtaani kwetu unapaswa kuwa volti 230 lakini una siku zake. Hiyo sijutii, inazilinda valvu zenyewe na inanipunguzia presha. Kisha nikanunua kebo ya kuunganisha daki na kompyuta, laki 3 na nusu, niliyoambiwa inaleta "hewa". Kebo inapitisha namba. Namba zikipotea njiani utasikia mlio umekatika au umepasuka. Haiwezekani zipotee kwa adabu, zikapunguza hewa tu na kuacha kinanda salama. Hilo nililijua kabla ya kununua. Nikanunua.

Kisha zikaja valvu. Mchezo unaitwa kubadilisha: unachomoa zilizokuja na mashine, unachomeka jozi nyingine, unasikiliza, unaandika maelezo kama mwonja mvinyo. Nilikuwa na jozi mpya ya Kirusi na jozi ya Kijerumani ya miaka ya 1960, au ndivyo chapa ya kwenye kioo ilivyodai, maana kwenye biashara hii kufuta chapa na kugonga nyingine si jambo la kushangaza. Ya Kijerumani ilinigharimu laki 7 hadi kufika Dar. Nilipoichomeka nilisikia tofauti kubwa. Niliandika kwenye daftari: "Besi imekaa, sauti za kike zina hariri." Hariri! Mimi, mtu ninayewafokea waandishi wachanga wakiniletea vivumishi visivyo na ushahidi.

Binamu yangu, mtoto wa shangazi, anasoma uhandisi wa umeme. Akaja na kifaa kidogo cha kurekodia cha laki 3 hivi. Tulirekodi sauti inayotoka kwenye daki, nyimbo zilezile, kwanza kwa jozi ya Kirusi, kisha kwa ya Kijerumani. Akasawazisha ukubwa wa sauti kwa kupima, kwa sababu sikio la binadamu, mradi kimoja kimezidi kelele kidogo tu, litakuapia hicho ndicho kizuri zaidi. Halafu kompyuta ikanichezea kwa mpangilio wa bahati nasibu, mara 20, mimi nikitaja ipi ni ipi. Nilipatia 11. Ukirusha sarafu ungepata kama hivyo. Hariri yangu ya laki 7 ilikuwa imefumwa kichwani.

Tukafanya jaribio la pili: daki ya valvu dhidi ya kile kiwaya kidogo cha kuchomeka kwenye simu, cha elfu 25. Hapo nilipatia 16 kati ya 20. Nikashangilia, maana angalau mashine inafanya kitu! Binamu akanitazama kwa huruma. "Kaka," akaniambia, "lakini umesikiliza rekodi. Hilo joto lako limepita kwenye kifaa cha laki 3, likawa namba, likarudi kuwa sauti, na bado umelitambua. Sasa kitu kinachoweza kuandikwa kwa namba, unasemaje namba haziwezi kukibeba?" Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Tofauti niliyoisikia ilikuwepo kweli, lakini ilikuwa rangi iliyopakwa, na rangi unaweza kuipiga picha. Ingekuwa ni ukweli uliokuwa umefungiwa ndani ya namba, ukingoja valvu ije na ufunguo, isingekubali kurudishwa kwenye namba kirahisi hivyo.

Na nisisahau feni. Valvu zinatoa joto, na Dar nayo inatoa lake. Huwezi kukaa sebuleni mwezi wa pili umefunga madirisha, feni imezimwa, eti unasikiliza ukimya ulio kati ya noti mbili. Unafungua dirisha, bodaboda inapita, jirani ana jenereta, baa ya mtaa wa pili ina maoni yake kuhusu muziki. Maboresho makubwa kuliko yote niliyowahi kuyapata yalikuwa ya bure: nilisogeza spika mbali na ukuta na kuhamishia kabati la vitabu upande wa nyuma yangu. Hayo hata mke wangu aliyasikia, na yeye hakuwa ameambiwa asikilize nini.

Sasa najua kuna wanaosoma hapa wakichekelea, wale wa kambi ya pili, wapimaji, wanaoamini kwamba mtu akishaona grafu hana haki tena ya kufurahi. Nanyi ngojeni. Raha si utapeli. Mtu akitia tangawizi kwenye kahawa hatumshtaki kwa kupotosha kahawa, na ile rangi ya chungwa gizani inanituliza baada ya siku ya kuhariri taarifa za mikutano. Ikiwa nusu ya raha hiyo inapitia machoni, bado ni raha yangu na nimeilipia. Lakini mtia tangawizi anajua ametia tangawizi. Hasimami barazani kutangaza kwamba sasa ndiyo ameonja kahawa yenyewe, na kwamba ninyi wengine maisha yenu yote mmekunywa kivuli chake.

Nilisema uongo huu una gharama. Ni hii.

Baba yangu mdogo anaishi Tanga. Nyumbani kwake kulikuwa na boksi la kaseti za miaka ya themanini, taarabu za harusini, zilizorekodiwa na mtu aliyekaa karibu na wapigaji akiwa na redio kaseti mapajani. Kwenye kadhaa kati ya hizo anaimba bibi yangu, mama yake baba, ambaye hakuwahi kuingia studio. Mwaka juzi Baba Mdogo alinipigia simu: "Mwanangu, si wewe ndiye mtu wa mashine? Njoo uzichukue hizi kaseti kabla mende hawajazimaliza." Nikamjibu, "Shikamoo Baba, nakuja, ngoja kwanza nikamilishe mtambo, nataka nizisikie zinavyostahili."

Ninavyostahili mimi, nilipaswa kusema. Nilikamilisha mtambo kwa miezi 14. Stabilaiza, kebo, Mrusi, Mjerumani. Nilikuwa nimeamini kabisa kwamba ukweli wa sauti ya bibi unangoja kwenye upande wa mwisho wa safari, pale kwenye vichupa, kwa hiyo hapakuwa na haraka; kaseti ni kaseti, haiendi popote. Nilipofika Tanga masika yalikuwa yameshapita juu ya lile boksi. Kaseti 31. Kumi na mbili zilikuwa na ukungu, ukanda umegandana. Ile ambayo bibi anaimba peke yake ilicheza dakika tisa, ikaanza kulia kama mlango, ikakwama. Nilizihamishia kwenye kompyuta zile dakika tisa kwa kifaa kilekile cha laki 3, nikarudi Dar, nikazima taa, nikazicheza kupitia daki ya milioni 4.

Valvu ilifanya kazi yake kwa uaminifu. Iliongeza oktavu kidogo juu ya sauti ya bibi, ikaongeza oktavu kidogo juu ya mvumo wa kaseti. Dakika ya kumi haikuileta.

Hiki ndicho kinachofichwa na msamiati wa "kufunua". Unatufanya tuamini kwamba kila kitu tayari kimo ndani ya faili, kizima, kinangoja mashine bora zaidi. Wakati kwa muziki wetu tatizo liko upande wa pili wa safari, pale sauti inapogeuzwa kuwa namba kwa mara ya kwanza, na mara nyingi ni mara moja tu, kwa sababu ukanda unakufa. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, tunachokisikia leo kiliamuliwa na maikrofoni ya siku ile, na waliozitunza santuri, na waliozinakili baadaye. Bendi zilizorekodiwa Radio Tanzania Dar es Salaam kwa miongo kadhaa, wengi wetu tunazisikia kwa nakala ya nakala: mtu alirekodi redioni kwenye kaseti, mwingine akaibana kaseti hiyo kuwa MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, wakati CD inabeba 1,411. Unaichukua faili hiyo, unaipitisha kwenye Mjerumani wa laki 7, halafu unaandika kwamba gitaa "linapumua". Linapumua nini, jamani?

Na hakuna anayeandika mapitio ya kazi hiyo ya kwanza. Fundi aliyesafisha kichwa cha deki, akanyoosha ukanda, akajua aicheze kwa kasi gani, hana jina. Mhakiki anatuelezea kebo kwa aya nne na hatuambii ule wimbo aliotumia kuipima ulitoka kwenye tepu gani, umenakiliwa na nani. Kwenye vitabu tungeita huo uzembe: kuhakiki karatasi na wino bila kutaja toleo wala mhariri.

Kwa hiyo ninachodai si kikubwa. Anayeandika kuhusu mashine hizi aseme inaongeza nini, badala ya kutuambia inafunua nini. Ladha ikitajwa kuwa ladha haipungui utamu. Aseme faili lake lilitoka wapi. Na wewe mwenzangu ambaye kidole chako sasa hivi kipo juu ya jozi nyingine ya valvu mtandaoni, kabla hujalipa, piga simu nyumbani uulize nani ana kaseti. Deki iliyotumika, pamoja na malipo ya fundi wa Kariakoo aliyebadilisha mikanda yake, imenigharimu chini ya nusu ya bei ya Mjerumani wangu.

Jumamosi narudi Tanga. Kaseti 19 zilizokuwa nzima nimeshazihamisha zote, na Baba Mdogo anasema jirani yake, mzee mmoja aliyekuwa mpiga fidla, naye ana boksi chini ya kitanda. Deki nimeshaiviringisha kwenye shuka tayari kwa basi. Daki inabaki nyumbani.